Pikipiki Yako Hunywa Lita Ngapi za Maziwa?

Msomaji wetu, ukisimama leo penye njia panda yo yote katika sehemu za mashamba, iwe Bungoma, Meru, Nyandarua au Makueni, hutakaa muda mrefu kabla hujaisikia pikipiki ikija. Ya kwanza imebeba mitungi ya maziwa, ya pili imebeba gunia la viazi, na ya tatu imempakia mama anayekwenda zahanati. Zamani hazikuwako nyingi namna hii. Jina lenyewe la boda boda lilianza kwa baiskeli za Busia, zilizowavusha watu mpakani kati ya Kenya na Uganda katika miaka ya 1960. Kisha mwaka 2008 Serikali iliondoa kodi ya pikipiki zenye injini ndogo, zisizofika cc 250, na tangu hapo zimeenea mpaka vijiji ambavyo gari halifiki wakati wa masika.

Hatuandiki haya ili kuisema pikipiki vibaya. Imewafikisha hospitali wazazi waliokuwa karibu kujifungua usiku. Imeyafikisha maziwa mtamboni kabla hayajachacha. Kijana asiyekuwa na kazi ameipata kazi kwayo. Mwenye kusema kwamba pikipiki ni uovu mtupu hajapata kubebesha punda majani ya chai kilomita nane katika matope.

Lakini maoni yetu ni haya, nasi twayasema wazi. Pikipiki ni mtumishi mzuri kwa mkulima aliyeifanyia hesabu, na ni mwizi kwa mkulima asiyeifanyia hesabu. Tena katika hesabu hiyo, mafunzo ya kuendesha na mavazi ya kujikinga si vitu vya kuongezwa baadaye fedha zikipatikana. Ni sehemu ya bei. Mtu asiyeweza kuvilipia hivyo bado hajaweza kununua pikipiki, hata kama anazo fedha za pikipiki mkononi.

BEI YA DUKANI SI BEI YENYEWE

Chukua kalamu na karatasi, tufanye hesabu pamoja. Bei hutofautiana kwa mahali na kwa wakati, kwa hiyo tarakimu tutakazozitumia ni za mfano tu. Wewe weka zako mahali pake, lakini usiache mstari hata mmoja.

Tuseme pikipiki mpya ya cc 150, ya namna zile zitumiwazo sana mashambani, ni shilingi 180,000. Helmeti mbili nzuri, moja yako na moja ya abiria, ni shilingi 6,000. Vizibao viwili vinavyong'aa usiku ni shilingi 1,000. Koti zito, viatu vya ngozi vinavyofunika kifundo cha mguu na glavu ni shilingi 8,000. Mafunzo na leseni tuseme ni shilingi 12,000, na bima ya mwaka wa kwanza shilingi 5,000. Jumla ni shilingi 212,000. Basi wewe uliyekwenda dukani na shilingi 180,000 huna fedha za pikipiki. Una upungufu wa shilingi 32,000.

Hapo ndipo watu wengi wanapokosea. Hukata yale yasiyotoa mlio. Helmeti huachwa, mafunzo huachwa, bima huachwa, na chuma huletwa nyumbani siku ile ile kwa shangwe.

Sasa tazama gharama za mwaka. Tuseme waenda kilomita 30 kwa siku, siku sita kwa juma, kwa majuma 50. Hizo ni kilomita 9,000. Kama pikipiki yaenda kilomita 45 kwa lita moja, utahitaji lita 200 za petroli. Kwa shilingi 180 kila lita, hizo ni shilingi 36,000. Wala usidhani ya kwamba bei ya petroli haipandi. Septemba 2023 ilipita shilingi 200 kwa lita mjini Nairobi. Ongeza oili ya injini mara nne, shilingi 3,600. Tairi, shilingi 6,000. Cheni na magurudumu yake ya meno, shilingi 3,000. Breki, shilingi 1,400. Bima, shilingi 5,000. Jumla ni shilingi 55,000.

Bado hatujamaliza. Pikipiki huchakaa. Kama uliinunua kwa shilingi 180,000 na baada ya miaka mitano ukaiuza kwa shilingi 55,000, basi imekula shilingi 125,000, yaani shilingi 25,000 kila mwaka. Ongeza hizo kwa zile 55,000, utapata shilingi 80,000 kwa mwaka. Gawanya kwa siku 300 za kazi, utaona kwamba kila siku pikipiki yadai karibu shilingi 270.

Kama maziwa yako hununuliwa kwa shilingi 45 kwa lita, basi pikipiki hiyo hunywa lita 6 za maziwa kila siku ya kazi. Huzinywa kabla ya ndama, kabla ya watoto, na kabla ya karo ya shule. Na hata ukiifungia bandani usiiguse kabisa, bima na kuchakaa kwake hula karibu shilingi 100.

Sasa jiulize: ng'ombe wangu wanatoa lita ngapi? Mwenye lita 60 kwa siku na soko lililo mbali, huyo pikipiki itamfaa. Mwenye lita 12 itamla nusu ya maziwa yake. Huyu wa pili afadhali ampe mwendesha boda boda fedha kidogo kila asubuhi, au aungane na majirani watatu wapeleke maziwa yao kwa pikipiki moja. Hakuna aibu katika kukodi. Wakulima wengi wanaokodi trekta la kulimia hawaoni haya. Kwa nini waone haya kukodi pikipiki?

MKOPO NA CHUMA

Wengi hawana fedha taslimu, na kwa hiyo huchukua pikipiki kwa mkopo wa kulipa kila siku. Mkopo si dhambi, ila lazima uujue urefu wake. Tuseme umetoa shilingi 30,000 za mwanzo, na kila siku walipa shilingi 450 kwa siku 540, yaani kama mwaka mmoja na nusu. Malipo ya kila siku peke yake yatafika shilingi 243,000, na pamoja na zile za mwanzo ni shilingi 273,000. Pikipiki ya 180,000 umeinunua kwa 273,000. Tofauti ya shilingi 93,000 yapita nusu ya bei ya pikipiki ya pili.

Tena deni hili halijui siku ya mvua, wala msiba, wala siku ambayo mwili umechoka. Kijana mwenye deni la kila siku huendesha usiku ilhali usingizi umemjaa, hupakia abiria watatu pale sheria inaporuhusu mmoja, na huenda mbio ili awahi mteja mwingine. Mwendo wake wa hatari umeanzia katika karatasi ile aliyotia sahihi bila kuisoma. Kwa sababu hii twasema kwamba masharti ya mkopo ni jambo la usalama wa barabarani kama zilivyo breki na taa.

Wako pia wanaouza ng'ombe wa maziwa ili wapate fedha za mwanzo. Hapa yafaa kufikiri mara mbili. Ng'ombe huzaa, pikipiki haizai. Ng'ombe akizeeka bado ana nyama na ngozi. Pikipiki ikizeeka ina kutu. Uza ng'ombe kama umekwisha kuona kwa tarakimu kwamba pikipiki italeta zaidi ya alivyoleta yeye. Usimwuze kwa sababu jirani ameuza wake.

JIFUNZE KWANZA

Kijana mwingi hujifunza kuendesha alasiri moja, katika uwanja wa mpira, kwa rafiki aliyejifunza vivyo hivyo mwezi uliopita. Kesho yake amempakia mama yake mzazi. Hali hii haifai. Sheria ya Kenya yataka leseni ya namna yake: A1 kwa vipikipiki visivyozidi cc 50, na umri ni miaka 16, A2 kwa pikipiki za kawaida, na umri ni miaka 18, A3 kwa wanaobeba abiria au mizigo kwa malipo, na umri ni miaka 21. Kwa hiyo mwana wako wa miaka 15 aliyeko juu ya pikipiki yako na mitungi yako ya maziwa anavunja sheria, na wewe uliyempa ufunguo unaivunja pamoja naye. Wahenga walisema, mchelea mwana kulia hulia yeye.

Faida ya mafunzo haiko katika karatasi ya leseni. Iko katika mambo ambayo mtu hawezi kuyavumbua mwenyewe bila kuumia. Nitataja mawili tu. La kwanza ni breki. Watu wengi huogopa breki ya mbele, nao hutumia ya nyuma peke yake, kwa kuwa wameambiwa ya mbele itawarusha. Ukweli ni kwamba unapopunguza mwendo, uzito wa pikipiki hulalia gurudumu la mbele, na kwa hiyo katika barabara kavu ya lami breki ya mbele ndiyo yenye nguvu kubwa zaidi ya kusimamisha. Inataka kukazwa pole pole na kwa nguvu inayozidi, si kwa kushtuka. Katika kokoto na matope itumike kwa wororo, maana gurudumu la mbele likiteleza, chombo kimelala. Ajuaye haya husimama mapema. Asiyejua humgonga ng'ombe wa watu.

La pili ni macho. Pikipiki hufuata macho ya mwendeshaji. Ukilikazia macho shimo, utaingia shimoni. Ukitazama njia iliyo salama kando yake, utapita kando. Jambo hili ni jepesi kulisema, lakini mwili haulijui mpaka ufundishwe na kurudia mara nyingi.

NGUO ZA KAZI

Mkulima anayenyunyizia kahawa dawa huvaa buti, glavu na kitambaa cha kuziba pua. Haoni kwamba amejipamba. Anajua ni nguo za kazi. Basi pikipiki nayo ina nguo zake za kazi.

Ya kwanza ni helmeti. Madaktari waliokusanya uchunguzi wa nchi mbalimbali na kuutoa mwaka 2008 waliona kwamba helmeti hupunguza hatari ya kufa kwa karibu asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa karibu asilimia 69. Lakini helmeti hiyo ni ile iliyo kichwani na kufungwa kidevuni. Iliyoning'inizwa mkononi hulinda kiwiko, na iliyowekwa juu ya tangi hulinda petroli. Isiyofungwa huruka yenyewe kabla kichwa hakijafika chini. Ndani ya helmeti nzuri mna tabaka la povu gumu ambalo hubonyea ili ubongo usipigwe kwa nguvu yote. Povu likisha kubonyea mara moja halirudi, kwa hiyo helmeti iliyopata kuanguka kwa nguvu ibadilishwe hata kama nje yang'aa. Tafuta alama ya ubora ya Kenya Bureau of Standards, wala usidanganywe na kofia nyepesi kama bakuli. Rahisi huvunja upishi, na hapa kinachovunjika si chungu.

Abiria naye avae. Sheria ya Barabara yamtaka mwendeshaji na abiria wote wawili wavae helmeti na vizibao vinavyong'aa. Wengi, hasa akina mama waliosuka nywele, hukataa helmeti iliyovaliwa na watu ishirini tangu asubuhi, wala hatuwezi kuwalaumu. Dawa yake ni kitambaa safi au leso ndogo ya kujifunga kichwani kwanza, na mwenye pikipiki aifute na kuianika helmeti juani kila siku. Na kama wasafiri mara nyingi, nunua yako, uiweke nyumbani pamoja na mwavuli.

Nguo nyingine zisidharauliwe. Viatu vya ngozi huokoa vidole na kifundo; patipati haziokoi kitu. Suruali nene huzuia mguu usichomwe na ekzosi. Koti zito huchubuka badala ya ngozi yako. Glavu ni muhimu kwa kuwa mtu aangukaye hutanguliza viganja, na mkulima asiye na viganja hana jembe. Na akina mama wajihadhari na leso ndefu, maana pindo lake likinaswa na gurudumu au cheni, humvuta mtu chini katika kufumba na kufumbua.

UTAMU WA MBIO

Sasa tufike kwenye neno ambalo magazeti mengi huliruka. Mbio ni tamu. Tusidanganyane. Mtu aliyekwenda maisha yake yote kwa miguu, akipanda pikipiki kwa mara ya kwanza, akazungusha mkono kidogo tu na mlima uliomchosha tangu utoto ukapita chini yake kama si kitu, huyo hupata furaha kubwa. Upepo humpiga kifuani, moyo humdunda, na mwili humwaga homoni iitwayo adrenalini, ambayo huamsha viungo vyote. Kumwambia kijana kwamba furaha hiyo haipo ni kumfundisha kwamba wazee hawasemi kweli.

Ila utamu huu una tabia moja mbaya: hauridhiki. Leo kilomita 50 kwa saa zaonekana nyingi. Baada ya mwezi zaonekana kama kusimama. Ndipo mtu huongeza hadi 60, kisha 80, si kwa sababu ana haraka, bali kwa sababu moyo umeizoea ile 50. Nao mwili wake ni ule ule, na barabara ni ile ile, na mbuzi wa jirani ni wale wale.

Tazama mbio hizo zakuletea nini. Tuseme kiwanda kipo kilomita 8 kutoka kwako. Ukienda kilomita 40 kwa saa utafika kwa dakika 12. Ukienda 80 utafika kwa dakika 6. Umeokoa dakika 6, ambazo hazitoshi kumkamua ng'ombe mmoja vizuri.

Na sasa tazama mbio zakuchukulia nini. Tangu macho yaone hatari mpaka mkono ukaze breki hupita kama sekunde moja. Kwa mwendo wa 40, katika sekunde hiyo umekwenda mita 11, kisha breki nzuri katika lami kavu zitataka mita 10 zaidi. Utasimama katika mita 21. Kwa mwendo wa 80, sekunde ile ile imekupeleka mita 22, na breki zataka mita 41. Utasimama katika mita 63. Mwendo umezidi mara mbili, lakini breki zimetaka mara nne. Hii ndiyo kanuni ya nguvu za mwendo, wala haijali ubingwa wa mtu. Katika kokoto, au kwenye udongo mweusi ulionyeshewa, mita hizo huongezeka tena.

Kama wataka kuipima hatari kwa macho, fikiri hivi. Kugonga ukuta kwa mwendo wa 40 ni sawa na kuanguka kutoka urefu wa mita 6, yaani kutoka tawi la juu la mwembe wa wastani. Kugonga kwa mwendo wa 80 ni sawa na kuanguka mita 25, yaani kutoka kileleni mwa mkaratusi. Hakuna mkulima mwenye akili apandaye kileleni mwa mkaratusi bila kamba ili aokoe dakika 6.

Wengine watasema, hao wanaoanguka hawajui kuendesha, mimi najua. Twawajibu kwa mfano wa kisiwa cha Isle of Man, karibu na Uingereza. Huko mashindano ya pikipiki yalianza mwaka 1907, na tangu 1911 hufanyika katika njia ya milimani. Waendao mbio huko ni mabingwa wa dunia, wamevaa ngozi mwili mzima, na barabara imefungwa isipitwe na mtu wala mnyama. Hata hivyo waendeshaji zaidi ya 250 wamekwisha kufa katika njia hiyo. Ikiwa mabingwa hufa katika barabara tupu, wewe mwenye mitungi ya maziwa katika barabara yenye watoto wa shule utajitegemea kwa nini?

Kijana ambaye damu yake yataka mbio kweli kweli asifungiwe mlango wote. Iko michezo ya pikipiki ya viwanjani hapa nchini, yenye njia zake, walimu wake na mavazi yake. Aende huko. Barabara ya kijiji si uwanja wa mashindano, na abiria hakulipa nauli ili ashindane.

MZIGO NA UKAGUZI

Pikipiki ya mkulima hubeba, basi ajue kubeba. Mtungi wa lita 50 za maziwa una uzito wa kilo 51 na zaidi, bila kuhesabu mtungi wenyewe, na maziwa yasipojaa mtungi huyumba yakakuyumbisha nawe. Fungia mzigo chini na katikati, sawa pande zote mbili. Majani ya ng'ombe yasipite upana ambao gari lipitalo laweza kuyashika. Mbao na mabomba marefu yangoje gari. Mtoto asiketishwe mbele juu ya tangi, kwa kuwa hapo yeye ndiye atakayekuwa mto wa kifua chako siku ya kuanguka.

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha, tazama vitu vitano: upepo wa tairi, breki zote mbili, oili, cheni na taa. Kazi hiyo haipiti dakika tatu. Taa iwake hata mchana, maana dereva wa lori huona taa kabla hajamwona mtu. Na siku uliyokunywa pombe, pikipiki ilale. Hakuna chang'aa kidogo juu ya magurudumu mawili.

KAZI YA WAZEE NA VYAMA

Katika kila mwaka wa 2021, 2022 na 2023 watu waliouawa katika barabara za Kenya walizidi 4,000. Waendao kwa miguu ndio waliokuwa wengi, na waliokuwa juu ya pikipiki hawakuwa mbali nao. Waliovunjika mifupa ni wengi zaidi, na wanajaza wodi za hospitali zetu. Ujue ya kwamba bima ile ya lazima hulipa mtu uliyemgonga. Mguu wako mwenyewe haiulipi. Mfupa wa paja ukivunjika, mtu hulala miezi. Mvua za Machi zikija yeye yuko kitandani, shamba halikupandwa, deni la kila siku halikungoja, na ndugu wamekwisha kuanza kutafuta mnunuzi wa kipande cha ardhi ili walipe hospitali. Hivyo ajali moja ya dakika moja huuza urithi wa watoto ambao hawajazaliwa.

Kwa hiyo hatuoni kwamba jambo hili ni la polisi peke yao. Polisi hawako katika njia ya kwenda mtamboni saa kumi na moja alfajiri. Lakini chama cha ushirika kipo. Vyama vyetu vya akiba na mikopo huwakopesha wanachama fedha za pikipiki. Twashauri kila chama kiweke sharti jepesi: asiye na leseni asipewe fedha, na helmeti mbili na bima ziandikwe ndani ya mkopo wenyewe, zilipwe moja kwa moja. Mtambo wa maziwa nao waweza kusema kwamba mitungi iliyoletwa na mtu asiye na helmeti itapokelewa mwisho wa foleni. Desturi ikigeuka hivyo, kijana atavaa helmeti kama avaavyo viatu, bila kuonyeshwa kidole.

Nawe mzazi, mwanao akija kukuomba msaada wa kununua pikipiki, usimkatalie kwa hasira, wala usimpe kwa haraka. Mwambie alete ile karatasi ya hesabu. Aketi nawe aonyeshe petroli, oili, bima, kuchakaa, na lita ngapi za maziwa zitakazonywewa kila siku. Akionyesha faida, msaidie, na fedha yako ya kwanza iwe ya mafunzo, ya pili iwe ya helmeti, na ya tatu ndiyo iwe ya chuma.